Wachimba makaa na walimu wa Wales walijengaje kampuni kubwa ya opera bila hata ukumbi wao?

#1 Tenori_wa_Pili

Wakuu, habari za jioni.

Naleta mada ya opera, tena opera ya mkoani, mbali na London. Welsh National Opera, kwa kifupi WNO, ilianzishwa Cardiff mwaka 1943, vita ikiwa bado inapiganwa, na mwalimu wa uimbaji aitwaye Idloes Owen pamoja na wenzake wachache. Ukumbi hawakuwa nao. Okestra hawakuwa nayo. Waimbaji wakuu iliwabidi wawaalike. Walichokuwa nacho ni kwaya ya watu wa kawaida: wachimba makaa ya mawe, walimu, makarani, wauzaji wa madukani, watu waliotoka kazini na kwenda mazoezini jioni bila kulipwa hata peni.

Aprili 1946 wakafungua pazia pale Prince of Wales Theatre kwa opera mbili, Cavalleria rusticana na Pagliacci. Miaka 40 baadaye kampuni hiyo hiyo ilikuwa inamleta mwongozaji wa jukwaa Peter Stein kutoka Ujerumani kuongoza opera ya Otello, na Falstaff aliyoiongoza baada ya hapo ikafika hadi New York.

Dai langu ni moja: kilichoikuza WNO ni kwaya. Okestra ilikuwa ya kukodi, ukumbi wa kukodi, waimbaji wakuu wa kualikwa. Kwaya peke yake ndiyo iliyokuwa yao. Ndiyo maana yaliyotokea 2024 yananiuma sana, pale menejimenti ilipopendekeza kupunguza mikataba ya kwaya na okestra hadi vyama vya wafanyakazi, Equity na Musicians' Union, vikapiga kura ya kuchukua hatua. Ukiikata kwaya pale Cardiff, umekata shina lenyewe.

Anayebisha aje na hoja.

#2 Mhasibu_wa_Zamu

Mkuu, nabisha mapema.

Kwaya za Wales zilikuwepo miaka mia kabla ya 1943. Kama kwaya peke yake inatosha, mbona opera haikuota 1880? Angalia tarehe uliyoitaja mwenyewe. Mwaka 1946 ndio mwaka Arts Council of Great Britain ilipopewa hati yake. Kwa mara ya kwanza Uingereza ikawa na chombo cha kudumu cha kugawa fedha za umma kwa sanaa wakati wa amani. Kampuni ilizaliwa pale pale mfuko ulipofunguliwa. Mimi naona ruzuku.

#3 Nahodha77

Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#4 Bi_Solfa

Mhasibu, hilo swali lako la 1880 lina jibu, na jibu halipo kwenye vitabu vya hesabu.

Waimbaji wa mabonde ya kusini mwa Wales walilelewa na makanisa yao madogo. Huko ndiko walikojifunza tonic sol-fa, ile ya do re mi iliyoenezwa na John Curwen. Mchimba makaa ambaye hakuwahi kugusa piano aliweza kusoma sauti nne za Handel au Mendelssohn kutoka kwenye karatasi. Mwaka 1872 na 1873 kwaya kubwa ya kondakta Caradog ilikwenda mashindanoni Crystal Palace, London, ikarudi na ushindi mara zote mbili, na Wales nzima ikasimama.

Ila makanisa hayo hayo yaliuona ukumbi wa michezo kuwa mahali pa dhambi. Oratorio ruksa, kwa sababu ni maneno ya Biblia na watu wamesimama wima. Kuvaa maleba, kupaka rangi usoni, kumkumbatia mke wa mtu mbele ya watu, hapana. Kwa hiyo mwaka 1880 sauti zilikuwepo, ruhusa haikuwepo. Kufikia miaka ya 1940 mkono wa kanisa ulikuwa umelegea, na watu waliokuwa wamejaa muziki wa kwaya wakapata pa kuupeleka.

Mimi nasema ni kanisa lililowaandaa, na ni kulegea kwa kanisa kulikowafungulia mlango. Vyote viwili kwa pamoja.

#5 Mhasibu_wa_Zamu

Bi Solfa, hoja nzuri, naipokea nusu. Ruhusa hailipi okestra.

#6 Kijana_wa_Pazia

Jamani mbona mnazunguka? WNO wana ukumbi wao mkubwa pale Cardiff Bay, wa kisasa kabisa. Huo ndio uliowakuza. Kampuni bila nyumba haikui.

#7 Mzee_wa_Reli

Kijana, hapo turekebishe mawili.

Kwanza, ukumbi huo, Wales Millennium Centre, ulifunguliwa Novemba 2004. Wakati huo WNO ilikuwa imeshatimiza miaka 60 na jina lake linajulikana Ulaya. Kabla ya hapo, tangu 1954, makao yao yalikuwa New Theatre, ukumbi wa mwaka 1906 wenye jukwaa dogo na nafasi finyu ya okestra.

Pili, hata hilo jengo jipya si lao. Wao ni wapangaji wa kudumu humo, wana ofisi na vyumba vya mazoezi, ila jengo lina uongozi wake na linapokea miziki ya kila aina. Ukumbi mkuu una jina la Donald Gordon, mfanyabiashara wa Afrika Kusini aliyetoa pauni milioni 20 zigawanywe kati ya hapo na Royal Opera House ya London.

Kwa hiyo nyumba ilikuja baada ya ukuaji. Waliishi kwenye nyumba ya kubana kwa nusu karne wakiwa wanakua.

#8 Kijana_wa_Pazia

Asante mzee. Sasa hizo miaka 50 zote walikuwa wanasubiri nini? Hawakudai ukumbi?

#9 Mzee_wa_Reli

Walidai sana, na kisa chake kinauma.

Mwaka 1994 lilifanyika shindano la michoro ya Cardiff Bay Opera House. Aliyeshinda ni Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, wakati huo akiwa bado hajapata kujenga jengo kubwa Uingereza. Kulizuka kelele: mchoro wa ajabu mno, gharama, na kwa nini fedha za umma ziende kwa opera ya watu wachache. Desemba 1995 tume ya Millennium, iliyokuwa inagawa fedha za bahati nasibu ya taifa, ikakataa ombi. Baadaye fedha za mfuko huo huo zikaenda kwenye uwanja wa raga katikati ya jiji, Millennium Stadium, uliofunguliwa 1999.

Hadid akaendelea akawa mbunifu wa majengo anayeheshimiwa dunia nzima. Mwaka 2004, mwaka ule ule Wales Millennium Centre ilipofunguliwa kwa mchoro wa mtu mwingine, Jonathan Adams, yeye alipewa tuzo ya Pritzker, mwanamke wa kwanza kuipata. Cardiff ingekuwa na jengo la Hadid.

#10 Nahodha77

Hapo nasimama na raga. Uwanja wa raga Wales unajaa na nusu ya watu wanaimba kwa sauti nne. Ukiutazama vizuri nao ni ukumbi wa opera.

#11 Bi_Solfa

Nahodha tulia wewe. Lakini hujakosea kuhusu sauti nne. Nyimbo zinazoimbwa uwanjani pale nyingi zilitoka makanisani.

#12 Tenori_wa_Pili

Turudi kwenye mada kabla Nahodha hajatuvalisha jezi.

Mhasibu anasema ruzuku. Nimuulize: ruzuku ililetwa na nini? Mwaka 1952 WNO walipandisha Nabucco ya Verdi, opera ambayo Uingereza ya wakati ule ilikuwa karibu haionekani jukwaani. Nabucco ni opera ya kwaya. Wayahudi mateka, Wababeli, makuhani, umati karibu kila tendo. Wenye kampuni walitazama walichonacho wakachagua kazi inayolingana nacho. Wakaendelea hivyo hivyo na Verdi nyingine zenye kwaya nzito. Mwaka 1955 wakazipeleka Sadler's Wells, na watu wa London wakasikia kwaya ya namna ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

Jina lilitoka hapo. Baada ya jina ndipo fedha zikafuata.

#13 Mtafiti_Huru

Habari zenu. Nimesoma kuanzia juu, nimevutiwa.

Tenori, Nabucco ninaisoma kwa njia nyingine. Walichagua kazi ambayo hakuna wa kuwalinganisha naye. Ungepeleka La bohème London mwaka 1955, kila mtu ana bohème yake kichwani na atakupima kwayo. Nabucco hakuna aliyeizoea. Huo ni ujanja wa uchaguzi wa kazi, na ndio unaowainua wadogo popote. Angalia kampuni ya opera ya Santa Fe kule New Mexico, Marekani. John Crosby alifungua Julai 1957 kwenye ukumbi wa wazi wenye viti 480. Msimu wa kwanza ule ule akaweka The Rake's Progress ya Stravinsky, na mtunzi mwenyewe akawepo. Baadaye wakajijengea jina kwa opera za Richard Strauss ambazo wakubwa walikuwa wamezisahau. Pale hapakuwa na kwaya ya wachimba makaa wala Arts Council. Palikuwa na jangwa, mkopo wa wazazi wa Crosby, na uchaguzi mzuri wa kazi.

Ukumbi wao uliungua Julai 1967 katikati ya msimu. Wakamalizia msimu ndani ya ukumbi wa mazoezi ya viungo wa shule ya sekondari, na mwaka uliofuata wakafungua mwingine. Leo ukumbi wao unabeba zaidi ya watu 2,000.

#14 Mhasibu_wa_Zamu

Mtafiti umesema "mkopo wa wazazi" ukapita haraka. Rudi hapo ukae.

#15 Mtafiti_Huru

Nimekaa. Mkopo unafungua mlango msimu mmoja. Hauelezi miaka 60.

#16 Chausiku_Alto

Wapendwa, mimi naimba kwenye kwaya ya opera hapa Uingereza. Ni kampuni ndogo, ya kujitolea, sitaitaja. Ngoja niongee kama mtu wa ndani.

Tenori anaipenda ile kwaya ya kujitolea, na mimi naipenda. Lakini asisahau kwamba WNO wenyewe waliiacha. Mwaka 1968 walianza kuajiri waimbaji wa kulipwa wakiimba bega kwa bega na wale wa kujitolea. Kufikia 1973 kwaya nzima ilikuwa ya kulipwa. Na okestra yao wenyewe ilianza 1970. Kabla ya hapo walikuwa wakiazima, mara ya Bournemouth, mara ya Birmingham.

Kwa nini? Mtu mwenye kazi hawezi kuzunguka. Mimi nafanya kazi hospitali. Onyesho likiwa mji wa mbali siku ya Jumatano, naomba likizo. Wiki inayofuata tena Jumatano, naomba tena. Mara ya tatu msimamizi wangu aliniambia nichague, na alisema kwa upole kabisa. Kwenye mazoezi ya mwisho ya opera yetu iliyopita, tenori watatu hawakuwepo kwa sababu ya zamu, kondakta akawa anaimba mwenyewe sehemu yao huku anapiga tempo, na sisi wa alto tukawa tunaingia kwa kukisia. Onyesho lilipita, watu walipiga makofi. Lakini huwezi kumleta Peter Stein kwenye mazoezi ya aina hiyo. Anataka wiki na wiki, mchana, kila mtu yupo.

Kwa hiyo kwaya ya kujitolea iliwafikisha mahali, na kwaya ya kulipwa ndiyo iliyowavusha. Hao ni watu wawili tofauti, Tenori, na wewe unawahesabu kuwa mmoja.

#17 Tenori_wa_Pili

Chausiku, asante, hii ndiyo michango niliyokuwa naisubiri.

Nitakujibu hivi: ni ukoo mmoja, kwaya ya kulipwa ya 1973 ilipandwa kwenye kiwango kilichowekwa na ile ya kujitolea. Watu wa Cardiff walikuwa tayari wanajua kwaya ya opera inapaswa isikike vipi. Kampuni iliyoanza na kwaya dhaifu ikiajiri, inaajiri kwa kipimo dhaifu.

#18 Chausiku_Alto

Hilo nakubaliana nalo kiasi. Lakini usiseme tena "ukoo mmoja" kwenye kikao cha chama cha wafanyakazi, watakuuliza pensheni ya babu iko wapi.

#19 Mhasibu_wa_Zamu

Na mimi namshukuru Chausiku kwa sababu amenipa hoja bila kujua. Kwaya ya kulipwa inalipwa na nani? Okestra ya 1970 ililipwa na nani?

Sasa tuseme jambo ambalo hakuna aliyeligusa. WNO inapokea fedha pande mbili, Arts Council ya Wales na Arts Council England, kwa sababu imekuwa ikipeleka maonyesho miji ya England pia: Birmingham, Southampton, Plymouth, Oxford, Liverpool, Bristol na kwingine. Miji mikubwa ya Kiingereza isiyo na kampuni yake ya opera ilihudumiwa kutoka Cardiff. Wales ina watu milioni 3 tu. Kampuni ya kiwango kile, yenye kwaya na okestra za mwaka mzima, haiwezi kubebwa na watu milioni 3. Ilikua kwa sababu iliuza ng'ambo ya mpaka.

Ushahidi ni kilichotokea Novemba 2022. Arts Council England ilipunguza fedha za ziara za WNO kwa takriban theluthi moja, kutoka zaidi ya pauni milioni 6 kwa mwaka hadi milioni 4. Wales nako wakapunguza. Baada ya muda mfupi ziara za Liverpool zikafutwa, kisha Llandudno na Bristol zikafuata. Na 2024 ndiyo ile habari ya mikataba ya kwaya. Kama mzizi ungekuwa kwaya, ungeona kwaya inaporomoka kwanza halafu fedha. Imekuwa kinyume.

#20 Mzee_wa_Reli

Mhasibu hapo umegonga, ila Llandudno iko Wales, kaskazini. Usiichanganye na miji ya Kiingereza. Na hilo linafanya jambo kuwa baya zaidi, kwa sababu watu wa kaskazini mwa Wales wamepoteza opera kubwa ya kampuni inayobeba jina la nchi yao. Kutoka Llandudno hadi Cardiff ni safari ya saa nne na zaidi kwa treni.

#21 Fundi_Taa

Naomba niongeze jambo kutoka nyuma ya jukwaa, maana mnaongea kwaya na fedha kama vile onyesho linatembea lenyewe.

Niliwahi kufanya kazi ya kupakia na kupakua kwa kampuni moja ya opera inayozunguka, Uingereza hiyo hiyo. Onyesho likiisha saa nne usiku, watazamaji wako barabarani wanatafuta mabasi, sisi tunaanza. Mandhari yote imejengwa kwa vipande, na kila kipande kina namba ya rangi mgongoni. Namba hiyo ndiyo inayosema kinaingia lori lipi na kwa zamu gani. Kitakachohitajika kwanza mji wa pili kinapanda mwisho. Ukikosea kimoja, kesho asubuhi jukwaa zima linasubiri kipande kilichozikwa ndani ya lori.

Maleba ya kwaya yanatembea kwenye viunzi vya magurudumu. Ndani ya ukosi wa kila vazi kuna kitambaa kimeshonwa, kina jina la mwimbaji. Ukitazama vizuri unakuta jina la juu ni jipya, chini yake kuna majina yaliyokatwa kwa kalamu, mengine matatu, mengine matano. Koti moja lilikuwa limevaliwa na watu wengi kuliko kitanda cha hosteli. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kampuni yenye onyesho linalorudi mwaka baada ya mwaka. Madam Butterfly ya WNO aliyoiongoza Joachim Herz ilianza 1978, ikawa inarejeshwa jukwaani kwa karibu miaka 40. Onyesho moja, limelipwa mara moja, limezaa miongo.

Kwa hiyo maoni yangu: kampuni ya mkoani inakua kwa kuwa na maonyesho yanayodumu na watu wanaojua kuyabeba. Hapo sijasikia mtu akitaja mafundi.

#22 Nahodha77

Fundi ameshinda uzi. Koti lenye majina matano!

#23 Msomaji_Kimya

Leo naandika mara ya kwanza. Swali kwa Fundi: walikulipa vizuri?

#24 Fundi_Taa

Kwa saa. Saa za baada ya usiku wa manane zilipaswa kuwa na nyongeza, na mara mbili nyongeza haikuonekana kwenye malipo. Tuliandika barua, ikaja baada ya miezi. Tuendelee na mada.

#25 Bi_Solfa

Fundi umemtaja Joachim Herz, nami nataka nimtaje aliyemleta. Brian McMaster aliongoza WNO kuanzia 1976 hadi 1991. Yeye ndiye aliyefungua mlango kwa waongozaji kutoka Ujerumani Mashariki: Herz, Harry Kupfer, Ruth Berghaus. Fikirieni, wakati wa vita baridi, mtu wa Cardiff anakwenda kuchota waongozaji upande wa pili wa ukuta. Halafu Peter Stein. Halafu mwaka 1992, McMaster akiwa ameshaondoka, Stein akarudi pamoja na kondakta Pierre Boulez kwa opera ya Pelléas et Mélisande.

Na kabla ya McMaster kulikuwa na Bill Smith, mwenye gereji Cardiff, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni kwa miaka mingi. Mwenye gereji, jamani. Idloes Owen alifariki 1954, kampuni ikiwa bado changa, na watu wa aina ya Smith ndio walioendelea kugonga milango ya wenye fedha.

Sasa nageuka kidogo kutoka nilipoanza: kanisa liliandaa sauti, sawa, lakini watu wachache wenye kichwa ngumu ndio walioamua ziende wapi.

#26 Mhasibu_wa_Zamu

Bi Solfa anahama timu taratibu. Karibu huku kwa wagonga milango ya wenye fedha.

#27 Bi_Solfa

Sijahama. Nimesimama mlangoni.

#28 Mtafiti_Huru

Tumlinganishe mwenzao wa karibu. Scottish Opera ilianzishwa Glasgow mwaka 1962 na kondakta Alexander Gibson. Ilipanda haraka kuliko WNO, na 1975 ikapata jumba lake, Theatre Royal, ikalikarabati. Ilikuwa na kila anachokitaka Kijana kwenye #6. Lakini fedha zikawabana mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2004 ikatangazwa kwamba kwaya ya kudumu inafutwa. Mwaka uliofuata uendeshaji wa jumba ukakabidhiwa kwa wengine. Kampuni ipo hadi leo, inafanya kazi nzuri, lakini kwaya inakusanywa kwa kila onyesho.

Opera North ya Leeds nayo ilianza Novemba 1978 ikiwa tawi la English National Opera, na 1981 ikajitegemea na kuchukua jina lake. Ilizaliwa na kwaya na okestra kutoka siku ya kwanza, kwa uamuzi wa wenye fedha za umma. Haikupitia hatua ya kujitolea hata kidogo, na inasimama.

Kwa hiyo njia ni tatu tofauti na zote zimetoa kampuni. Mimi ndiyo maana nasita kusema "sababu ni hii".

#29 Tenori_wa_Pili

Mtafiti, mfano wa Glasgow unanisaidia mimi. Jumba lilikuwepo, jina lilikuwepo, na walipobanwa wakaanza na kwaya. Ndicho kilichopendekezwa Cardiff 2024. Kwaya ndiyo inayokatwa kwanza kila mahali, kwa sababu inaonekana kama mshahara wa watu wengi wasio na majina. Ukitazama tangazo la opera hutaona jina la mtu wa kwaya hata mmoja.

#30 Mhasibu_wa_Zamu

Na mimi nasema unanisaidia mimi: bila fedha hata mwenye jumba huanguka. Tumefika pale pale.

Ila niseme wazi nisieleweke vibaya. Siungi mkono kukata kwaya. Mwaka 2022 hawakuwa WNO peke yao. Glyndebourne, kampuni nyingine ya opera ya England, walipunguziwa ruzuku kwa nusu, wakasimamisha ziara yao ya mikoani. English National Opera wakaambiwa wahame London la sivyo wakose fedha, baadaye wakachagua Manchester. Wanasema nia ni kupeleka sanaa nje ya London, halafu kampuni zinazofanya kazi hiyo hiyo nje ya London ndizo zinapunguziwa. Hapo nina hasira kama ninyi.

#31 Chausiku_Alto

Asante Mhasibu kwa hilo.

Na kuna jambo moja la vipaji. Idloes Owen alimfundisha Geraint Evans, na Evans akaenda Covent Garden, yaani Royal Opera House ya London, mwaka 1948, akabaki huko kuwa nyota. Hapakuwa na namna ya kumlipa Cardiff. Miaka 40 baadaye Bryn Terfel, mtoto wa mfugaji wa kaskazini mwa Wales, anaanza opera mwaka 1990 na WNO wenyewe, akiimba Guglielmo katika Così fan tutte. Kijana aliyekulia Wales sasa ana mlango wa kuanzia ndani ya Wales. Tukiendelea kupunguza, anayefuata ataanzia wapi?

#32 Kijana_wa_Pazia

Mimi ni mgeni wa opera, naombeni kitu cha kusikiliza kuwaelewa hawa WNO. Kisiwe cha saa tano.

#33 Bi_Solfa

Cha saa nne je? Sikiliza Tristan und Isolde ya Wagner chini ya kondakta Reginald Goodall, kampuni ya rekodi ya Decca waliirekodi na WNO mwanzoni mwa miaka ya 1980. Goodall hana haraka kabisa, na okestra iliyokuwa na umri wa miaka kumi tu inacheza kama imezaliwa na Wagner.

Ukitaka fupi, kondakta Charles Mackerras alirekodi opera za vichekesho za Gilbert na Sullivan na kwaya na okestra hiyo hiyo miaka ya 1990. Anza na The Mikado. Weka masikio kwenye maneno ya kwaya, kila silabi inafika.

#34 Tenori_wa_Pili

Mikado ni pendekezo zuri. Kijana, ukifika kwenye kwaya ya wanaume mwanzoni kabisa, sikiliza besi wanavyoingia. Kisha rudi hapa uniambie kama hiyo ni ruzuku.

#35 Mhasibu_wa_Zamu

Ni besi wanaolipwa mshahara kila mwezi. Kijana, sikiliza na hilo.

#36 Kijana_wa_Pazia

Nimeanza Mikado. Besi wako vizuri sana. Fundi, kwenye Mikado maleba yanakuwa mangapi?

#37 Fundi_Taa

Mengi, na marefu. Mazito kuyapandisha lori mvua ikinyesha. Fungua uzi mwingine nikueleze, huu ni wa Tenori na Mhasibu.